Imeandikwa Wapi? Kweli na Uongo Kuhusu Sheria za Shule za Goma

Umeshazisikia. Zinasemwa mstarini asubuhi kabla bendera haijapandishwa, zinasemwa Birere kwenye meza za wauza madaftari, zinasemwa nyumbani na mjomba aliyemaliza masomo enzi za Mobutu. Eti siku hizi masomo ni bure mpaka diploma. Eti fimbo ndiyo iliyotengeneza wasomi. Eti bila kutoa kitu kidogo hakuna anayepita Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari. Baadhi zina kiini cha kweli ndani yake. Nyingine zimeishi miaka na miaka kwa sababu hakuna aliyeuliza swali moja dogo: imeandikwa wapi? Tuliulize leo.

"Masomo ni bure mpaka diploma."

Uongo. Kilicho bure ni shule ya msingi ya umma. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kongo ya 18 Februari 2006 kinasema elimu ya msingi ni ya lazima na haina malipo katika shule za umma, na ahadi hiyo ilianza kutekelezwa kwa nguvu Septemba 2019. Sekondari haimo. Ndiyo maana mtoto anamaliza la sita bila kudaiwa, halafu anaingia la saba na kukuta minervali, yaani ada ya shule, inamngoja mlangoni.

Hapa hapa kuna tetesi nyingine: kwamba shule ya padri au ya mchungaji ni ya binafsi. Nayo si kweli. Mobutu alizitwaa shule za makanisa mwaka 1974, akazirudisha kwa mkataba wa 26 Februari 1977. Siku hizi shule nyingi za Katoliki, za Kiprotestanti, za Kikimbangu na za Kiislamu ni shule za umma zinazosimamiwa na dini. Mlango una msalaba, lakini daftari la walimu ni la serikali.

Mzigo wa mzazi wa sekondari una historia yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali iliacha kulipa walimu ipasavyo, wazazi wakaanza kuchangia ili masomo yasife, na mchango wa dharura ukageuka desturi. Kwa hiyo kulipa ni jambo la kweli. Ila prefe, mkuu wa shule ya sekondari, hapangi bei kichwani mwake. Utaratibu wa nchi ni kwamba viwango vya ada hutangazwa kila mwaka kwa amri ya gavana wa mkoa, na kila shule inapaswa kuwa na kamati ya wazazi. Ukitajiwa ada mpya katikati ya mwaka, una haki ya kuomba kuona karatasi, na una haki ya kudai risiti. Uliza kwa adabu, lakini uliza.

"Bila fimbo mtoto hasomi."

Uongo, na huu nausema bila kulainisha. Sheria namba 09/001 ya 10 Januari 2009, inayolinda mtoto, inataka nidhamu ya nyumbani na ya shuleni iheshimu utu wa mtoto. Kwa hiyo mwalimu anayechapa hana sheria upande wake, hata kama ana mazoea.

Na mazoea hayo hayazai matunda yanayosifiwa. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Marekani, Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor, walikusanya pamoja tafiti za karibu miaka 50 zenye watoto zaidi ya 160,000. Walichunguza vipigo vya nyumbani, si vya darasani, lakini walichokiona kinamhusu kila anayeinua mkono: kupigwa hakukuendana na utii zaidi. Kuliendana na ugomvi zaidi na matatizo zaidi ya moyo na akili.

Mjomba atajibu: "Sisi tulichapwa na tukafaulu." Mwulize darasa lake lilianza na watoto wangapi, na wangapi walifika mwisho. Waliokimbia fimbo wakaenda kusukuma chukudu hawakualikwa kwenye mazungumzo ya sebuleni. Tunamsikia aliyefaulu licha ya fimbo, naye anaishukuru fimbo.

Wazee waliosema samaki mkunje angali mbichi walikuwa sahihi. Tabia hujengwa mapema, na mtoto asiyewekewa mipaka anaumia baadaye. Ila kukunja si kuvunja. Kanuni ijulikane kabla ya kosa, adhabu iwe ile ile kwa mtoto wa mkubwa na kwa mtoto wa muuza makala, na iishe siku hiyo hiyo. Kufagia darasa ni adhabu. Kupigishwa magoti kwenye changarawe ya lava, ile nyeusi yenye makali inayotoboa hata soli ya kandambili, ni fimbo iliyobadilishwa jina.

"Unifomu inawafanya watoto wote kuwa sawa."

Nusu kweli. Simama kwenye kiwanja cha shule yoyote ya Goma saa moja na nusu asubuhi: mashati meupe, sketi na suruali za bluu, huwezi kujua nani ametoka Himbi na nani ametoka Ndosho. Mpaka utazame viatu.

Ukweli mwingine unatoka Kenya. Kuanzia mwaka 2003, wachumi Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia shule 328 za msingi magharibi mwa nchi hiyo. Katika baadhi ya shule, wanafunzi wa darasa la sita walipewa unifomu za bure. Walioacha masomo wakapungua, na kwa wasichana zikapungua pia mimba na ndoa za mapema. Unifomu, basi, inasawazisha watoto wakiwa wameshaivaa. Kabla ya hapo ni ukuta.

Ndiyo maana sioni hekima ya kumrudisha getini, kwa ajili ya shati la rangi, mtoto aliyekimbia Sake na begi moja, akalala kwenye hema la wakimbizi. Kanuni ya unifomu ni nzuri. Mkurugenzi wa nidhamu anayempa wiki kadhaa za kujipanga hajaivunja.

"Nywele ndefu zinapunguza akili ya msichana."

Uongo, na hauhitaji maneno mengi. Shule inaweza kudai nywele safi, na inaweza kudai msuko mmoja kwa wote ili mashindano ya saluni yasihamie darasani. Hiyo ni kanuni ya usafi na usawa. Hesabu haijui nywele.

"Ukizungumza Kiswahili shuleni, Kifaransa chako kitakufa."

Uongo, tena uongo mzee. Umeona au umesimuliwa kuhusu kile kitu cha aibu kinachoning'inizwa shingoni mwa mwanafunzi aliyenaswa akisema lugha ya nyumbani, naye anazunguka akimtafuta mwingine wa kumkabidhi. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika jinsi adhabu za namna hiyo zilivyowakuta watoto wa Kenya waliosema Kigikuyu. Kumbe ugonjwa ulikuwa wa bara zima.

Ushahidi unasema nini? Mwaka 1970 kule Ile-Ife, Nigeria, mradi ulioongozwa na Profesa Babs Fafunwa ulifundisha watoto kwa Kiyoruba miaka yote sita ya shule ya msingi, Kiingereza kikiwa somo tu lenye mwalimu mzuri. Waliofundishwa kwa lugha yao hawakubaki nyuma. Walifanya vizuri kuliko wenzao waliobadilishiwa lugha njiani, hata katika Kiingereza chenyewe. Lugha ya kwanza ndiyo msingi ambao ya pili husimama juu yake.

Na sheria? Kifungu cha 1 cha Katiba kinataja Kiswahili kati ya lugha 4 za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Sheria ya elimu ya 11 Februari 2014 inasema Kifaransa ni lugha ya masomo, na papo hapo inazipa lugha za taifa nafasi ya kufundishia na kufundishwa.

Tusidanganyane lakini: Exetat inakuja kwa Kifaransa, na Kifaransa kisichotumika hakikui. Shule ikitenga saa za kukisema, ina haki, na mwanafunzi afuate. Ila jaribu hivi: baada ya somo la fotosinthesi, mwombe mwenzako akueleze kwa Kiswahili jinsi jani linavyotengeneza chakula. Akishindwa, hakuelewa. Alikariri sauti.

"Msichana akipata mimba, masomo yake yamekwisha."

Uongo kisheria. Kwa bahati mbaya, bado ni kweli katika vichwa vya watu wengi. Sheria za Kongo zinalinda haki ya msichana mwenye mimba kuendelea na masomo, na mzazi anapaswa kulijua hilo kabla hajaenda kumtoa binti yake kwa aibu. Hakuna prefe anayeweza kukuonyesha sheria ya nchi inayosema mimba ni kosa la kufukuzwa.

Ndoa ya haraka ya "kufunika aibu" nayo haina pa kusimama: mtu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na mtoto haolewi. Aliyempa mimba, akiwa mtu mzima, ana kesi ya kujibu, na kesi hiyo haimalizwi kwa mbuzi wawili. Wanaosema kumrudisha darasani kutawafundisha wenzake tabia mbaya wamsikilize msichana huyo akihesabu usiku aliokesha na mtoto mwenye homa kabla ya mtihani. Hakuna mwenzake atakayetamani.

"Kukataza telefoni ni wivu wa wakubwa."

Uongo, kwa sehemu kubwa. Louis-Philippe Beland na Richard Murphy walitazama shule za miji 4 ya Uingereza zilizopiga marufuku simu, wakatoa matokeo yao mwaka 2015. Alama zilipanda, na waliofaidika hasa ni wanafunzi dhaifu. Wenye nguvu hawakubadilika. Tafiti nyingine za Ulaya zimeona tofauti ndogo au hazikuona kitu, kwa hiyo simu isiwe mchawi wa kila sifuri. Ila mwanafunzi anayehangaika na hesabu ndiye anayepoteza zaidi kila inapotetemeka mfukoni. Nyumbani ni habari nyingine: pale ambapo vitabu ni vichache, telefoni yenye kamusi ni mwalimu.

"Anayekesha kabla ya mtihani ndiye anayefaulu."

Uongo. Usingizi ndio wakati ubongo unapopanga na kukaza ulichojifunza mchana. Jenkins na Dallenbach walilipima hilo mwaka 1924: waliolala baada ya kujifunza walikumbuka mengi kuliko waliobaki macho. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alikwisha kuonyesha mwaka 1885 kwamba kurudia kidogo kidogo kwa siku tofauti kunashinda kujishindilia kwa mkupuo. Bibi yako alilijua bila maabara: haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo iandike "kweli", kwa wino.

Umeme wa Goma unakatika, najua. Basi tumia jioni ya giza kwa njia isiyohitaji taa: fungeni daftari, ulizaneni maswali, kila mmoja ajibu kwa kichwa. Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba, baada ya siku kadhaa, aliyejijaribu anakumbuka kuliko aliyesoma tena na tena.

"Exetat haipatikani bila kununua majibu."

Uongo. Mtihani huu umekuwepo tangu 1967, na hongo imeusumbua kweli. Kukana hilo ni kukutukana wewe msomaji. Lakini tazama unavyofanya kazi. Kuna insha, kuna sehemu ya mdomo na ya vitendo, halafu siku 4 za maswali ya kuchagua jibu: utamaduni wa jumla, sayansi, lugha, na masomo ya mchepuo wako. Karatasi hutolewa kwa serie tofauti, kwa hiyo jibu la jirani linaweza kuwa sumu kwako. Anayekuuzia "majibu" usiku wa kuamkia mtihani anajua kwamba ukianguka hutaenda kumshtaki popote. Ndiyo biashara yake.

Na wanaosema kalamu iliyoombewa ndiyo inayofaulisha? Omba, ndugu yangu. Sala hutuliza moyo, na moyo uliotulia husoma swali mpaka mwisho. Ila kalamu haijui kemia. Kinachokupeleka kwenye 50 kwa 100, hadi siku ya kumwagiwa poda nyeupe kichwani na majirani wote, ni buletini ya kila kipindi tangu mwaka wa kwanza wa humanite, yaani sekondari ya juu.

"Ukiacha shule, diploma basi."

Uongo. Serikali inawapokea kwenye Exetat hata watahiniwa wanaojifundisha wenyewe, na diploma yao ina thamani ile ile. Vita iliyofunga shule za Goma mwisho wa Januari 2025 imewaacha vijana wengi wakiamini kwamba mlango umefungwa kabisa. Haujafungwa. Aliye katika hali hiyo aende ofisi ya ukaguzi wa elimu aulize tarehe za kujiandikisha, na aende mapema katika mwaka, kwa sababu watahiniwa hao hupitia jaribio la awali kabla ya Exetat yenyewe.