Kupasua Kuni Kangundo: Shoka, Jeki au Mashine ya Injini?

Kuni nyingi za Kangundo hutoka shambani: grevilea za kivuli na za mpakani zinapopunguzwa kwenye kahawa, na mikaratusi iliyokomaa. Grevilea iliyonyooka haimsumbui mwenye shoka zuri. Linalowapeleka watu kwa fundi wa kuchomelea kuulizia mashine ya haidroliki ni gogo la mkaratusi lenye vifundo, lililoachwa likakaukia juani. Basi kabla ya kutoa hata shilingi, pasua mkaratusi ungali mbichi. Ukikauka, nyuzi zake hukazana, na utajikuta unanunua mashine ya kutibu uchelewaji.

Kwa jiko la nyumbani, shoka, kabari mbili za chuma na nyundo nzito vinatosha, na kuvibadilisha ni gharama ndogo. Sioni sababu ya familia moja kwenda zaidi ya hapo, isipokuwa mpasuaji ana mgongo au mabega mabovu.

Huyo ndiye anayefaa kutumia jeki. Jeki ya chupa ya tani 20 hupatikana kwa maelfu machache ya shilingi. Fundi huunda fremu ya chuma, akachomelea kabari juu na kuweka springi mbili za kuirudisha jeki chini. Fremu iwe ya kusimama, kwa sababu jeki nyingi za aina hii zikilazwa hunyonya hewa badala ya mafuta. Nguvu inatosha kabisa, ila mwendo ni wa kobe: kila ukipiga mkono, jeki hupanda milimita chache, na safari yake nzima ni kama sentimita 15. Kwa magogo machache yaliyoshinda shoka ni sawa. Kwa lori zima la kuni utachoka kuliko aliyeshika shoka.

Mashine ya injini ni hesabu nyingine. Ukijumlisha injini, pampu, silinda, valvu na paipu za presha, upo kwenye makumi ya maelfu, na laki moja haiko mbali. Mwenye injini ya pampu ya kunyunyizia maji, ya nguvu za farasi 6.5, tayari amepunguza gharama. Silinda ya kipenyo cha inchi 4, kwa presha ya PSI 2,500, husukuma kwa takriban tani 14. Ikiwa na urefu wa mwendo wa inchi 24, hujaa kwa karibu lita 5 za mafuta. Pampu ya kawaida ya lita 11 kwa dakika itaisukuma hadi mwisho kwa sekunde 27. Pampu ya hatua mbili, inayotoa lita 41 kabla ya kugusa gogo, huifikisha kwa sekunde 7 hivi. Tofauti hiyo ndiyo unayolipia, na kwa anayeuzia shule au hoteli kuni, inalipa.

Fremu iwe ya chuma chakavu, hapo okoa kabisa. Silinda ndiyo inayowaponza wengi: ya lori la tipa ni rahisi kupata, lakini nyingi husukuma tu, kwa kuwa bodi hurudi kwa uzito wake. Tafuta inayosukuma na kuvuta, ya tingatinga kwa mfano. Ukiwa Kirinyaga Road, Nairobi, ambayo wengi bado huiita Grogan, vuta fimbo yote nje na uipitishe ukucha. Ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo, iache. Utabadilisha sili kila mara.

Paipu na valvu ya kupunguza presha nunua mpya. Tundu dogo kama la sindano hurusha mafuta yanayopenya ngozi, na jeraha hilo ni la hospitali siku hiyo hiyo hata lisipouma. Uvujaji utafute kwa kipande cha kadibodi, kamwe si kwa mkono.

Mpelekee fundi gogo lako baya kuliko yote, na usimalizie malipo hadi ulione limepasuka na silinda imerudi yenyewe bila kudondosha mafuta.