Lubumbashi: mtumishi wa komini anangojea matrikule, raia anangojea karatasi

Katika ofisi za komini saba za Lubumbashi, kuanzia Kamalondo mpaka Annexe, watumishi wanaweza kukaa kwenye meza moja bila kuwa na hali moja. Mmoja ana namba ya matrikule na mshahara wake unapitia benki. Mwingine ni "NU", ni kusema mtumishi mpya: barua ya kazi anayo, kazi anafanya, lakini Kinshasa haijampa namba. Wa tatu namba anayo, ila jina lake haliko kwenye orodha ya malipo. Huyo anaitwa "NP".

Mshahara ni mdogo, hilo si habari. Kinachochoma roho zaidi ni kutojua. Mkuu wa komini anaweza kumpa mtumishi amri na lawama, lakini hawezi kumwingiza kwenye orodha ya mshahara, kwani faili iko Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege. Na bado sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inaipa komini uhuru wa kusimamia watu wake wa kazi! Ile ya tarehe 15 Julai 2016 inataka kazi ya mtumishi ipimwe kila mwaka. Alama nzuri zinamsaidia nini mtu asiye na matrikule?

Wazee wa Lubumbashi wana kipimo chao. Union Minière, kisha Gécamines, zilikuwa na ukali wao, lakini mfanyakazi alijua posho yake, nyumba, hospitali na masomo ya watoto. Hayo nayo yaliisha: tangu 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka katika mpango ulioitwa wa kujitolea.

Raia ndiye anayelipia. Sheria ya mwaka 2009 ya kulinda mtoto inasema kuandikisha mtoto ni bure ndani ya siku 90. Lakini mama akifika mbele ya mtumishi asiyelipwa, ni rahisi aombwe pesa kidogo. Ni kosa, ndiyo. Ila kumkemea yeye peke yake ni kuwaacha wakubwa wake wapumzike.

Upande mwingine kuna wazee waliopita umri wa kazi na hawaondoki, kwani kutoka bila pensheni ni njaa. Leo kuna CNSSAP, mfuko unaokata sehemu ya mshahara kwa ajili ya pensheni. Kwa NU, hakuna mshahara wa kukatwa.