Sanamu za Sikukuu kwa Watoto Wadogo



Je, unakumbuka siku ya kwanza uliposhika penseli katika darasa la kisomo? Vidole vilikuwa vigumu. Wengine waliibana penseli mpaka ncha ikavunjika. Mkono uliozoea jembe na kuchuma pamba una nguvu nyingi, lakini kuandika kunataka vidole vitatu vifanye kazi pamoja, tena polepole. Mtoto wako naye ana shida hiyo, ila yake inatokana na udogo wa vidole. Akifinyanga, vidole vyake hubana, huviringisha na huchora. Kazi hiyo huviandaa vidole kushika penseli.

Mwezi wa Desemba shule zimefungwa. Mvua zimelainisha ardhi, na Krismasi na Mwaka Mpya vinakaribia. Mwezi wa Januari wengine wataanza darasa la awali au la kwanza. Basi hizi ni siku nzuri za kufinyanga.

Watoto wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega wanaujua mchezo huu tangu zamani. Watoto wanaochunga hufinyanga ng'ombe wa udongo wenye nundu na pembe ndefu, wakawajengea zizi la vijiti. Wazazi wengine huwakaripia kwa sababu wanachafua nguo. Mimi naona nguo inafulika.

Siku hizi mijini watu hutumia donge la unga. Linatengenezwa hivi. Chukua vikombe viwili vya unga wa ngano na kikombe kimoja cha chumvi. Changanya. Tia kijiko kimoja cha mafuta ya kula, kisha ongeza maji kidogo kidogo, kama kikombe kimoja au pungufu. Kanda kama unavyokanda chapati, mpaka lisishike mikononi. Ukitaka rangi ya manjano tia bizari. Ukitaka nyeusi tia mkaa uliosagwa. Lihifadhi katika kopo lenye mfuniko.

Donge hilo ni laini na safi. Lakini lina mambo mawili ya kufikiria. Kwanza, linakula unga. Nyumba inayopima unga kwa kikombe hadi mavuno yajayo haina unga wa kuchezea, na mtoto anayekwenda kulala na njaa hataelewa kwa nini chakula kimegeuzwa mchezo. Pili, lina chumvi nyingi sana. Mtoto mdogo akila kipande kikubwa anaweza kutapika, kuona kiu kali, hata kupata degedege. Ukiona amekula, mpeleke zahanati mara moja. Usijaribu kumtapisha.

Pengine utasema, "Basi nitatumia unga ulioota ukungu, kwa kuwa hauliwi." Usifanye hivyo. Ukungu huweza kuleta sumu iitwayo sumukuvu, na mtoto hutia mikono mdomoni. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo.

Kwa hiyo kwa vijiji vyetu mimi nachagua udongo. Ni wa bure, nao unatosha watoto wote wa mtaa.

Jambo kubwa ni mahali pa kuuchimba. Watoto wakiachwa wenyewe watakwenda lambo au mtoni, kwa sababu huko udongo ni laini. Huko wanaweza kuzama. Pia wanaweza kupata kichocho. Vijidudu vya kichocho hutoka katika konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini, hata kama hakunywa maji hayo. Baadaye mtoto huweza kukojoa damu, au kuumwa tumbo na kuhara damu. Ugonjwa huu ni wa kawaida katika Kanda ya Ziwa. Kwa hiyo chimba wewe mtu mzima, mahali pakavu, ulete udongo nyumbani. Usichimbe karibu na josho, choo, zizi, wala mahali panapochanganyiwa dawa ya pamba.

Udongo mweusi wa mbuga unashikana vizuri, ila ukikauka hupasuka. Uchanganye na luseni kidogo, yaani ule mchanga wa juu. Udongo wa kichuguu nao ni mzuri. Kama kijijini kuna bibi anayefinyanga vyungu, muulize yeye anachimba wapi. Anajua kuliko mimi.

Utwange udongo, uchekeche, uloweke usiku mmoja, kisha uukande. Upime hivi: viringisha kamba nene kama kidole, uizungushe kwenye kidole chako. Ikikatika, ongeza maji. Ikinata, ongeza udongo mkavu.

Sasa mpe mtoto donge moja na umwache. Usimfinyangie. Ng'ombe wake akiwa na miguu mitatu, mwulize wa nne uko wapi, naye atahesabu.

Kwa Krismasi watoto wanaweza kufinyanga hori, kondoo na wachungaji. Wanaoadhimisha Idi watafinyanga mwezi mwandamo, msikiti, na sinia la vyakula. Mwezi wa Agosti kuna Nane Nane, na watoto wengi wa huku wanasikia habari za uwanja wa Nyakabindi, Bariadi, ambako maonyesho ya kitaifa yalifanyika mwaka 2018 na 2019. Hao watakufinyangia trekta, maksai wawili na plau, na marobota ya pamba. Pembe za vijiti vifupi hudumu kuliko pembe za udongo. Lakini mtoto wa chini ya miaka mitatu asipewe maharage, mbegu za pamba wala vipande vidogo vya kupambia. Atavimeza, au atavitia puani.

Mtoto akichoka na ng'ombe, mfundishe kamba ile ile ya udongo kuwa herufi. Anza na herufi ya kwanza ya jina lake. Kama anaitwa Masanja, iweke M juu ya ubao au jiwe bapa, aifuate kwa kidole. Hapo wewe uliyejifunza kusoma ukubwani ndiwe mwalimu.

Sanamu zikauke kivulini siku kadhaa. Jua kali huzipasua. Watoto wote wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, maana udongo huweza kuwa na mayai ya minyoo. Udongo uliobaki ufunike kwa kitambaa kibichi ndani ya chungu kilichopasuka. Kesho watautaka tena.