Kibali si ridhaa: Fomu za utafiti zinavyoteleza kwenye lugha

MANENO kibali, idhini na ridhaa hutumiwa na wengi wetu kana kwamba ni pacha watatu. Mwandishi akilichoka moja huchukua jingine ili asionekane anajirudia. Katika mazungumzo ya kawaida hakuna anayeumia. Katika utafiti unaohusu watu, hususan wa afya na wa sayansi ya jamii, mchanganyiko huo unaweza kumfanya mama atie kidole kwenye karatasi asiyoielewa, kisha karatasi hiyo ihifadhiwe kama ushahidi kwamba amekubali.

Hebu tufuate njia ya utafiti mmoja. Msomi anayetaka kuchunguza malaria miongoni mwa watoto wa Kilifi, au ndoa za mapema kule Samburu, huandika pendekezo. Pendekezo hilo hupelekwa kwa kamati ya maadili. Taasisi ya Utafiti wa Matibabu (KEMRI) ina kamati yake, vyuo vikuu na hospitali kubwa za rufaa zina zao. Kamati ikitosheka hutoa barua. Msomi huyo huomba pia leseni ya Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (NACOSTI), iliyoundwa chini ya sheria ya 2013. Utafiti ukiwa ni jaribio la dawa au chanjo, Bodi ya Dawa na Sumu nayo ina usemi. Halafu kuna ofisi za kaunti, halafu chifu. Mihuri yote ikishapigwa ndipo mtafiti, au mara nyingi zaidi kijana aliyeajiriwa kumsaidia, hubisha hodi nyumbani kwa watu.

Hapo ndipo maneno yetu matatu yanapoachana. Kinachotolewa na tume ni kibali. Kinachotolewa na kamati ni idhini. Anachotoa mwenye nyumba, iwapo atakitoa, ni ridhaa.

Kibali kina mzizi mmoja na kukubali, lakini katika Kiswahili cha sasa kimekuwa hati: kibali cha kazi, kibali cha kujenga, kibali cha kuandamana. Unaweza kukitia mfukoni. Idhini ni ruhusa ya mwenye mamlaka. Neno hilo limetoka katika mzizi ule ule wa Kiarabu uliotupa adhana, na mtoto huomba idhini ya mzazi, si mzazi kwa mtoto. Ridhaa ni jamaa ya radhi, ridhia na ridhika. Haitolewi na cheo bali na moyo uliotulia baada ya kuelewa. Ndiyo maana katika ndoa za Waislamu wa pwani hatusemi kadhi ametafuta kibali cha bi harusi. Hutafutwa ridhaa yake.

Ajabu ni kwamba zipo fomu zenye kichwa “Fomu ya Idhini” ambazo hupewa wanakijiji watie sahihi. Kuna atakayetetea na kusema neno hilo linampandisha mama cheo, linamfanya yeye ndiye mwenye mamlaka juu ya mwili wake na wa mtoto wake. Ni hoja nzuri kwenye karatasi. Tatizo ni kwamba fomu hiyo hiyo, mistari michache chini yake, humwambia kwamba utafiti “umepewa idhini” na kamati fulani ya Nairobi. Mama anasikia neno moja mara mbili. Wakubwa wameshaidhinisha, yeye amebakishiwa nini ila kufuata? Kukataa kunaanza kufanana na kubishana na serikali.

Tuingie ndani ya fomu yenyewe. Aghalabu huandikwa kwanza kwa Kiingereza, hujadiliwa kwa Kiingereza, na baadaye ndipo hutafsiriwa. Ili kuhakikisha kwamba tafsiri ni sahihi, mtu mwingine huitafsiri tena kuirudisha katika Kiingereza na matini mbili zikalinganishwa. Mbinu hii ina manufaa, hasa katika kunasa makosa ya tarakimu na sentensi zilizorukwa. Lakini ina shimo kubwa katikati. Tafsiri ya neno kwa neno, ile mbovu kabisa ambayo hakuna Mswahili angeisema, ndiyo hurudi kwenye Kiingereza bila dosari, kwa sababu haikuwahi kutoka huko. Kamati inaona matini mbili zinazofanana, inapiga muhuri. Mwanakijiji hajaulizwa ameelewa nini.

Chukua dhana ya kuwagawa washiriki katika makundi bila mtu yeyote kuchagua nani aende wapi. Ni dhana nyeti, kwa kuwa mgonjwa anapaswa kujua kwamba si daktari aliyeamua apewe dawa gani. Fomu zitakwambia utapangwa “bila mpangilio”. Kwanza, utapangwaje bila mpangilio? Pili, anayeusikia msemo huo kwa mara ya kwanza anasikia ovyo ovyo. Wengine huandika “kwa bahati nasibu”, na hapo Mkenya anangoja zawadi. Neno kura lina asili inayofaa zaidi, kwani kabla ya kuwa la uchaguzi lilikuwa la vijiti na vikaratasi, ila leo ukilitamka watu hufikiria debe la IEBC. Binafsi ningeacha kutafuta neno moja. Ningesema: “Tutafanya kama wanachama wa chama wanapookota vikaratasi kujua nani atapokea pesa kwanza. Hakuna anayechagua, si wewe wala daktari.” Ni sentensi mbili badala ya maneno mawili, na bei hiyo ni nafuu.

“Dawa bandia” nayo ina kisa chake. Watafsiri huitumia kwa kile kidonge au sindano isiyo na kiini cha tiba, inayotumiwa kulinganishia. Mitaani dawa bandia ni ile inayouzwa na matapeli, na wenye maduka ya dawa hukamatwa kwa ajili yake. Unamwambia mzazi mtoto wake huenda akadungwa dawa bandia, kisha unashangaa akiuchukua mtoto wake na kwenda? Zaidi ya hayo, mara nyingine neno hilo huwa si kweli. Katika jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S, lililofanywa kati ya 2009 na 2014 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, vikiwemo Kilifi, Siaya na Kombewa hapa kwetu, watoto wa kundi la kulinganishia hawakudungwa maji matupu. Wakubwa kiasi walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa, na wachanga wakapewa chanjo ya aina moja ya homa ya uti wa mgongo. Walitoka na kitu chenye faida. Kuliita kundi kama hilo “la dawa bandia” ni kuwakosea wazazi na watafiti kwa pamoja.

Kisha damu. Fomu huahidi kwamba zitachukuliwa mililita tano, “sawa na kijiko kimoja cha chai”. Nia ni njema: mililita hazina sura vijijini, kijiko kinayo. Lakini kijiko ni chombo cha kulia. Katika eneo ambalo wazee bado husimulia habari za mumiani, wale watu wa kuvizia wengine usiku na kunyonya damu yao, kuiweka damu kijikoni ni kuuchokoza uvumi. Tusiwacheke wenye uvumi. Mwanaanthropolojia Wenzel Geissler aliandika mwaka 2005 kuhusu kijiji cha magharibi mwa Kenya ambako watafiti waliitwa kachinja, jina jingine la wanyonya damu. Uvumi wa namna hiyo una swali la haki ndani yake: damu yangu inakwenda wapi, na nani anafaidika? Fomu nyingi hulijibu kwa kusema sampuli “itahifadhiwa kwa matumizi ya baadaye”. Hilo si jibu.

Watafiti wa sayansi ya jamii wasidhani wao wamenusurika kwa kuwa hawana sindano. Silaha yao ni “mahojiano”. Fungua gazeti lolote uone nani huhojiwa Kenya: mshukiwa aliyeitwa na makachero. Ukimwambia kijana wa Mathare kwamba ungependa kumhoji kuhusu magenge mtaani, atakuwa ameshajua njia ya kutorokea kabla hujamaliza sentensi. Ukiongeza kwamba majibu yake yatawekwa “siri”, ndiyo umeharibu kabisa, maana siri kwetu hunuka njama. Faragha ingefaa zaidi, pamoja na maelezo: jina lako halitaandikwa, na karatasi zitafungiwa kabatini. Tangu Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ipitishwe, ahadi hiyo si hisani ya mtafiti tena. Kwingineko, hasa maeneo ya ukame, hatari ni kinyume. Mtu akiandika majina na kuuliza mna mbuzi wangapi, wenyeji huamini chakula cha msaada kiko njiani. Wanajibu kila swali, hata la aibu, kwa kuogopa kufutwa kwenye orodha. Huko si kuridhia.

Kuna wanaoona haya yote ni mambo madogo ya walimu wa lugha. Nawakumbusha Tuskegee, Alabama, ambako kuanzia 1932 hadi 1972 maafisa wa afya wa Marekani waliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600, 399 kati yao wakiwa na kaswende, bila kuwatibu hata penisilini ilipopatikana. Wanaume hao hawakuambiwa jina la ugonjwa wao. Waliambiwa wana “damu mbaya”, msemo wa mtaani uliomaanisha lolote. Udanganyifu wa miaka 40 ulisimama juu ya maneno mawili. Karibu na kwetu, Kano, Nigeria, mwaka 1996 wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer iliwajaribu watoto wapatao 200, nusu wakipewa dawa yake mpya na nusu dawa iliyozoeleka. Kampuni ilishikilia kwamba wazazi walielezwa kwa mdomo wakakubali, wazazi wakasema hawakujua kwamba ni utafiti. Kesi zilivutana hadi 2009, ambapo kampuni ilifikia mapatano na jimbo la Kano ya dola milioni 75. Nani alimwambia nani nini, na kwa maneno gani? Hakukuwa na karatasi ya kuonyesha.

Mfano wa karibuni zaidi ni wetu. Chanjo ile ile ya RTS,S ilipoanza kutolewa kwa majaribio ya utekelezaji nchini mnamo Septemba 2019, baada ya Malawi na Ghana, baadhi ya maeneo ya magharibi yalitangulia kuipata na mengine yakasubiri, kwa mgao uliofanywa kama kura. Shirika la Afya Duniani halikutaka kila mzazi atie sahihi. Mzazi aliyeleta mtoto kliniki akakubali sindano alihesabiwa kuwa ameridhia, kama ilivyo kwa chanjo za kawaida. Mapema 2020, makala katika jarida la kitabibu la BMJ yaliukosoa mpango huo, wakosoaji wakisema ni utafiti na ulihitaji ridhaa ya wazi. Shirika lilijitetea kwamba chanjo ilikuwa imeidhinishwa na wadhibiti wa nchi husika na kwamba wazazi walipewa maelezo kliniki. Mnamo 2021 shirika hilo lilipendekeza chanjo hiyo itumiwe kwa mapana, na sina ugomvi na chanjo yenyewe. Ugomvi wangu ni na kimya kuhesabiwa kuwa ndiyo. Kule pwani kimya cha bi harusi kimewahi kuchukuliwa kuwa ridhaa, lakini angalau aliulizwa swali, na alijua ni ndoa.

Azimio la Helsinki, ambalo tangu 1964 ndilo mwongozo wa madaktari watafiti duniani, lilipofanyiwa marekebisho Oktoba 2024 liliacha kuwaita watu “wanaofanyiwa” utafiti na kuwaita “washiriki”. Kiswahili kilikuwa na njia zote mbili tangu hapo: mtafitiwa na mshiriki, mhojiwa na mzungumzaji mwenzangu. Kiambishi -w- cha kutendwa si pambo. Tasnifu zetu zimejaa watafitiwa na wahojiwa, na wanafunzi huyatumia maneno hayo kwa sababu ndiyo waliyoyakuta.

Kamati za maadili zingeanzia wapi? Mosi, kamati isomewe fomu ya Kiswahili kwa sauti, na ile ya Kigiriama, Dholuo au Kiturkana pia, kwani kwa Wakenya wengi Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili. Pili, badala ya kulinganisha matini mbili za Kiingereza, watu wachache wa eneo husika wasomewe kisha waulizwe waeleze kwa maneno yao watakachofanyiwa, na wanaweza kujitoa vipi. Wakikosea, fomu ndiyo imeanguka mtihani, si wao. Na wakifika ukurasa wa mwisho, penye nambari ya simu ya kamati kwa mwenye malalamiko, mtu aipige nambari hiyo asubuhi moja, azungumze Kiswahili, aone atajibiwa kwa lugha gani.