Sarafu za kale Kampala: kwa nini mkusanyaji mpya anaonywa asizing'arishe

Katika nyumba nyingi za Kampala, na katika nyumba za Waganda na Waafrika Mashariki wengine waliohamia ng'ambo, limo kopo la zamani la chai au la biskuti ambalo hakuna anayelifungua. Ndani yake mna senti zenye tundu katikati, shilingi nzito zenye sura ya simba, pengine na noti chache zilizokunjwa mara nne. Mwenye kopo anapofariki, wajukuu huuliza swali moja: ni shilingi ngapi? Kisha hufanya jambo moja: huzisugua kwa ndimu na majivu mpaka zing'ae.

Swali lao lina majibu. Walilolitenda halirekebishiki.

Sarafu ya shaba iliyokaa miaka 80 hujivika utando wa rangi ya kahawia au mweusi. Ya madini ya fedha hupata kijivu kilichotulia. Utando huo si uchafu. Ni uso wa sarafu yenyewe uliobadilika polepole kwa hewa na unyevu, na ndio unaomwonyesha mnunuzi kwamba hakuna aliyeichezea. Ndimu huula utando huo, na majivu huacha mikwaruzo midogo ambayo jicho la kawaida halioni lakini kioo cha kukuzia huiona mara moja. Sarafu iliyong'arishwa hupendeza machoni pa asiyejua, ilhali bei yake huporomoka mbele ya anayejua.

Kanuni hii si ya sarafu peke yake. Wanaoanza kukusanya panga za kale za Japani, mtindo wenye wafuasi katika nchi nyingi, huonywa vivyo hivyo tangu siku ya kwanza. Upanga wa namna hiyo una sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini. Sehemu hiyo haisafishwi kamwe, kwa sababu rangi ya kutu yake ni mojawapo ya vielelezo vya kukadiria umri wa upanga, na hapo ndipo mfua chuma alipochonga jina lake. Wapo waliorithi panga zenye thamani wakaisugua kutu hiyo kwa nia njema, na kwa dakika chache wakafuta ushahidi wa karne kadhaa. Kopo la Kampala na upanga wa Japani vimetengana kwa kila kitu isipokuwa hilo.

Kutoka simbi hadi shilingi

Anayetaka kukusanya fedha za Uganda hana budi kuanza na kitu ambacho si chuma. Kabla ya sarafu, Buganda ilinunua na kuuza kwa simbi, yale makombe madogo ya baharini yaliyofika bara kupitia wafanyabiashara wa pwani. Hadi leo neno la Kiganda la fedha ni ensimbi. Simbi zilipoteza kazi hiyo mwanzoni mwa karne ya 20. Mkataba wa Uganda wa mwaka 1900 uliweka kodi ya kila nyumba kuwa rupia 3, na serikali ya kikoloni ilitaka kodi yake kwa sarafu. Rupia hizo zilikuwa za India, zenye sura ya Malkia Victoria, na zilizidi kuenea wakati wa ujenzi wa reli iliyotoka Mombasa.

Baadaye zikaja senti zenye maandishi ya Kiingereza yanayotaja himaya za Afrika Mashariki na Uganda. Senti za mwanzo, za miaka ya 1907 na 1908, zilikuwa za alumini, madini mageni wakati huo kwa sarafu za kutumika kila siku. Hazikudumu, zikafuatwa na senti za mchanganyiko wa shaba na nikeli. Kwa hiyo senti nyepesi ya alumini ya mwaka 1907 iliyosalia katika hali nzuri ni kitu cha kushikwa kwa uangalifu. Vidole vilivyozoea sarafu za leo vinaweza kuidhania ni kifungo cha shati.

Mwaka 1919 iliundwa Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, makao yake London. Mwaka 1920 rupia iliondolewa na mahali pake pakawekwa florini, nayo florini haikumaliza muda mrefu kabla ya kupishwa na shilingi. Ndiyo maana florini za 1920 ni adimu, na ndiyo maana shilingi ya simba aliyesimama mbele ya milima ikawa sarafu ya babu na bibi wa Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja.

Adimu si sawa na kale

Hapa ndipo wageni wengi wa shughuli hii hujikwaa. Umri hautoshi kuipa sarafu bei.

Mfano bora ni senti 5 na senti 10 za mwaka 1936. Mfalme Edward VIII wa Uingereza alitawala mwaka huo kwa muda usiofika mwaka mmoja, akajiuzulu mwezi Desemba. Uingereza kwenyewe sarafu zenye sura yake hazikuingia katika matumizi ya kawaida. Senti za Afrika Mashariki, kwa kuwa zina tundu katikati, hazikuhitaji sura ya mfalme, zilihitaji jina tu. Basi zilichapwa kwa jina lake, zikasafirishwa, zikatumika sokoni Nakasero kama senti nyingine yoyote. Ni kisa cha kuvutia kwelikweli, na muuzaji mwerevu atakisimulia kwa ufasaha. Asichokisema ni kwamba senti hizo zilichapwa kwa wingi katika viwanda vitatu, zimejaa duniani, na bei yake ni ndogo.

Kinyume chake, shilingi 5 ya Uganda ya mwaka 1972 haina mfalme wala kisa kirefu. Lakini iliondolewa mapema, haikupata nafasi ya kuzoeleka mifukoni, na leo kuiona ni nadra. Mtu anaweza kuiacha kwenye kopo akachukua ya 1936, akajiona ameshinda.

Zipo pia sarafu zilizotengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji tangu mwanzo, kama zile za madini ya fedha na dhahabu zilizotolewa kuadhimisha ziara ya Papa Paulo VI nchini Uganda mwaka 1969. Hizo hazikukusudiwa kununulia ndizi. Bei yake hufuata kwa kiasi kikubwa madini yaliyomo.

Hesabu ya sonara

Hatari kubwa kwa makopo ya Kampala, hata hivyo, si ndimu. Ni tanuri. Wengi wamesikia kwamba shilingi ya mkoloni ina madini ya fedha, na habari hiyo ni ya kweli kwa sehemu. Shilingi za kuanzia 1921 hadi 1946 zina fedha kwa asilimia 25. Za 1948 na kuendelea ni shaba na nikeli, hazina fedha hata kidogo. Uzito wa shilingi moja ni takribani gramu 7.8, maana yake fedha iliyomo haifiki gramu 2. Robo tatu ya kile kinachotupwa motoni ni madini ya bei nafuu, na kuyatenganisha ni kazi yenye gharama. Anayeuza kwa kilo huuza kwa hasara, tena huuza na mwaka uliochorwa, na alama ya kiwanda, na kila kitu ambacho mkusanyaji angekilipia.

Mtu anayetaka kujua alichonacho ahitaji mizani ndogo ya sonara, sumaku na kioo cha kukuzia. Shilingi ya zamani haivutwi na sumaku. Ikivutwa, ama ni bandia ama ni ya baadaye sana, kwani katika miaka ya 1970 Uganda ilianza kutumia chuma kilichopakwa madini mengine. Uzito ukipungua mno, au maandishi yakionekana yameyeyuka kingoni, panapaswa kuwa na shaka.

Bei ni jambo gumu zaidi. Katika mtandao wapo wanaotangaza senti moja kwa mamilioni. Tangazo ni matumaini ya muuzaji, si bei. Kinachohesabika ni kiasi ambacho sarafu ya aina ileile, katika hali ileile, imewahi kununuliwa kwa kweli. Na yeyote anayedai alipwe kwanza ada ya kukagua, ya forodha au ya cheti ndipo alete mnunuzi wa ughaibuni, huyo si mnunuzi.

Noti na machungu yake

Noti zina habari nyingine. Za mwaka 1964, zenye mashua ziwani na zisizo na sura ya Malkia, zilitoka wakati nchi zote tatu zimeshapata uhuru lakini bado zinatumia fedha moja. Benki Kuu ya Uganda ilifungua milango yake Agosti 1966 na kuanza kutoa fedha za nchi yenyewe. Noti zenye sura ya Idi Amin, zilizoanza kutolewa mwaka 1973, ndizo watalii huzitafuta zaidi, ingawa ni nyingi na kwa kawaida si ghali.

Kwa baadhi ya familia, burungutu la noti za miaka ya 1980 si mkusanyo bali ni jeraha. Mei 1987 serikali ilibadilisha fedha: shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na asilimia 30 ikakatwa kama kodi. Akiba iliyochelewa kufika benki ikabaki karatasi. Mzee anayekataa kuuza noti hizo hata kwa bei nzuri huenda hazioni kuwa bidhaa, na mnunuzi mwenye adabu halazimishi.

Kampala ina unyevu, na unyevu ni adui wa karatasi na chuma pia. Mifuko laini ya plastiki huharibu sarafu, kwani baadhi yake hutoa kemikali inayoacha ute wa kijani. Bahasha ndogo za karatasi isiyo na asidi ni bora, na sarafu hushikwa kwa ukingo, si kwa uso. Juu ya bahasha huandikwa mwaka, uzito, na jina la aliyeitoa: bibi wa Masaka, mjomba aliyefanya kazi kwenye reli. Vilivyochimbwa ardhini ni suala jingine. Mambo ya kale yana sheria yake, na mahali pa kuanzia kuuliza ni Makumbusho ya Uganda katika kilima cha Kitante, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1908.

Asiye na kopo la urithi naye hakukosa pa kuanzia. Mwaka 2012, Uganda ilipotimiza miaka 50 ya uhuru, ilitolewa sarafu ya shilingi 1,000, na ilitumika madukani kama fedha nyingine. Anayeipata kwenye chenji ikiwa haijachubuka anaweza kuitia kwenye bahasha siku hiyohiyo, kwa gharama ya shilingi 1,000.