Msaada wa Serikali na Fungu la Mwenye Nyumba

Nyumba isiyotunzwa huanguka pole pole. Leo paa lavuja, kesho ukuta wapasuka, na mwisho mwenyewe hana budi kujenga upya kwa gharama kubwa. Kwa sababu hiyo serikali nyingi zimewasaidia raia kwa fedha ili watengeneze nyumba zao mapema. Walakini msaada hutolewa kwa njia nyingi, na si kila njia ni njema. Yafaa kutazama yaliyotokea Italia, kisha kuyalinganisha na desturi ya Uingereza na sheria ya Kenya.

Mwezi wa Mei 2020, ugonjwa wa Korona ulipokuwa umesimamisha kazi nyingi, Serikali ya Waziri Mkuu Giuseppe Conte ilitoa amri ya ajabu. Kila atakayetengeneza nyumba yake ili isipoteze joto wakati wa baridi, au ili istahimili tetemeko la ardhi, angesamehewa kodi kwa asilimia 110 ya gharama. Yaani aliyetumia euro 100,000 angesamehewa euro 110,000, kidogo kidogo kwa miaka mitano. Nia ilikuwa njema, maana nyumba nyingi za nchi ile ni za zamani, na mafundi walikuwa wakitafuta kazi.

Lakini mtu wa mapato madogo hulipa kodi ndogo. Basi atasamehewa nini? Ili naye asiachwe nyuma, sheria ilimruhusu kuiuzia benki haki yake ya msamaha, au kumpa mkandarasi haki hiyo badala ya malipo. Hivyo mtu aliweza kutengenezewa nyumba nzima bila kutoa hata senti moja.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Anayemlipa fundi kwa fedha zake mwenyewe huuliza bei, huhesabu mifuko ya saruji, na hupatana. Asiyelipa kitu haulizi. Fundi akitaja bei kubwa, yeye hutia sahihi. Bei za vifaa na za kazi zikapanda. Walaghai nao wakaandika hati za kazi ambazo hazikufanywa kamwe. Mapema mwaka 2022 Serikali ilitangaza kwamba udanganyifu uliogunduliwa katika misaada mbalimbali ya majengo ulikuwa umepita euro bilioni 4.

Sheria zikakazwa, na benki nyingi zikaacha kununua haki hizo. Mwezi wa Februari 2023 Serikali ya Giorgia Meloni ilikataza kuziuza kwa karibu kazi zote mpya. Msamaha nao ukapunguzwa hata kufika asilimia 70 mwaka 2024 na asilimia 65 mwaka 2025. Walioumia hawakuwa walaghai peke yao. Wakandarasi waaminifu walibaki na haki zisizo na mnunuzi, na jamaa nyingi zikabaki na nyumba zisizokwisha. Ni kweli kwamba majengo karibu 500,000 yalitengenezwa. Lakini gharama ilipita euro bilioni 120, zaidi ya mara tatu ya makadirio ya kwanza, na mzigo huo ni wa walipa kodi wote, pamoja na wapangaji wasio na nyumba.

Uingereza ilikuwa imefuata njia nyingine. Sheria ya Nyumba ya mwaka 1949 iliziwezesha halmashauri kumlipia mwenye nyumba nusu ya gharama ya matengenezo. Mwaka 1959 alipewa haki ya kudai nusu ya gharama ya vitu vitano: bafu, beseni la kunawia, maji ya moto, choo, na mahali pa kuwekea chakula. Msaada huo haukuzidi pauni 155. Nusu ya pili ilitoka mfukoni mwake, kwa hiyo alimwangalia fundi kwa macho mawili. Kasoro yake ni kwamba asiyekuwa na nusu hiyo hakupata kitu.

Kenya nayo ina msaada wake, ijapokuwa wengi hawaujui. Chini ya sheria ya kodi ya mapato, mtu aliyekopa katika shirika la fedha linalotambuliwa ili kununua au kutengeneza nyumba anayokaa huruhusiwa kuondoa riba ya mkopo katika mapato yake kabla ya kodi kuhesabiwa. Tarehe 27 Desemba 2024 kiwango cha riba hiyo kilipandishwa kutoka shilingi 300,000 hadi 360,000 kwa mwaka. Karani ambaye mapato hayo yatozwa kodi ya asilimia 30 aweza kuokoa hadi shilingi 108,000, mradi awe na hati za mkopo. Naye hawezi kusahau bei, kwa maana deni ni lake.

Lakini mkulima asiyekopa wala kutozwa kodi ya mapato hafaidiki kwa sheria hiyo, na paa lake lavuja vile vile. Huyo astahili kusaidiwa zaidi kuliko karani, lakini si kwa mtindo wa Italia. Fungu lake na liwe dogo kadiri ya uwezo wake, hata likiwa ni mchanga aliouchota na mawe aliyoyabeba, ila liwepo. Jicho la mwenye mali ndilo msimamizi asiyelala, na hakuna serikali iwezayo kuajiri wasimamizi wa kutosha kushika mahali pake.