Kasuku Wako Hujam Ukigusa Kizimba? Hakuchukii, Umemwingilia Keja

Jioni umejitupa kwa kochi, kasuku anakuja kwa bega, anakukuna sikio na kukuita jina na ile sauti ya mathe wako. Mapenzi tupu. Asubuhi unaingiza mkono kwa kizimba ubadilishe maji, na ndege huyo huyo anakurarua kidole hadi damu. Unabaki hapo ukijiuliza, kwani nimemkosea nini?

Hapo ndio wasee wengi huamua ndege ameharibika na kuanza kutafuta mtu wa kumpea. Manze, kasuku wa kijivu, yule wa mkia mwekundu, anaweza kuishi miaka 40 na zaidi. Ukimpeana ju ya kidole kimoja, anaanza maisha marefu ya kuhamishwa-hamishwa, na kila nyumba mpya anaingia akiwa amejam kuliko ile ya kwanza.

Wacha nikuchambulie. Porini, kasuku wa kijivu hutaga kwa shimo la mti. Shimo poa halipatikani ovyo, so aliyelipata hulilinda na mdomo wake wote. Kwa sebule yako hakuna mti. Kitu kinakaribia kufanana na hilo shimo ni kizimba. Hapo ndio anakula, hapo ndio analala, na kwa hiyo nyumba yako yote hakuna pahali pengine anaweza kusema ni pake. Sasa wewe na mkono wako ni kama landilodi anafungua mlango wako na spea bila kubisha, saa kumi na mbili asubuhi, eti amekuja kucheki mfereji. Hata kama umelipa kodi, si utajam?

Alex ndiye kasuku wa kijivu aliyesoma kuliko wote. Mwanasayansi Irene Pepperberg alimnunua Marekani mwaka wa 1977, akamfunza majina ya vitu, rangi na maumbo, zaidi ya maneno 100, hadi alipokufa 2007. Huyo Alex akichoka na maswali alikuwa anasema anataka kurudi kwa kizimba chake. Kwake haikuwa jela. Ilikuwa home.

Na enyewe kasuku hang'ati bila kukuonya, shida ni hatuangaliani. Cheki macho: mboni zikianza kukua na kupungua haraka haraka, kuna kitu kimempandisha. Manyoya ya shingo yakisimama, mkia ukifunguka kama feni na mwili ukiinama mbele, hapo umeshaambiwa. Kasuku wa kijivu hata hunguruma, na ngurumo yake mara nyingi ni uoga kuliko hasira. Ukipuuza hizo zote, amebaki na mdomo tu. Aking'ata, unatoa mkono, naye anaelewa hii njia ndio hufanya kazi. Kesho hasumbuki kunguruma, anaenda moja kwa moja.

So wachana na kuingiza mkono akiwa ndani. Fungua mlango, rudi nyuma hatua mbili, shika njugu moja, na ungoje atoke mwenyewe. Siku ya kwanza anaweza kukukaushia hapo robo saa, ni sawa, si lazima atoke. Usafi na kubadilisha vyombo fanya akiwa nje, na kama anaweza kukaa chumba kingine asikuone ukipekua vitu vyake, poa zaidi. Mtengenezee kijiti cha kusimama mbali na kizimba, mazoezi na michezo ifanyike huko. Na aking'ata usipige nduru. Kasuku anapenda drama kuliko majirani wa ploti, na nduru yako kwake ni shoo ya bure.

Toa pia viboksi na vitambaa vya kujificha ndani ya kizimba. Unaona ni upendo, yeye anaona ni kiota, na akishaona kiota homoni zinamwambia alinde. Kumpapasa mgongo na chini ya mabawa ni hiyo hiyo stori. Mkune kichwa tu.

Halafu kuna usingizi, na hapa Nairobi ndio tunakosea sana. Misitu ya huyu ndege iko karibu na ikweta, giza ni kama masaa 12 kila siku. Kwako yuko sebuleni, taa zinawaka na mechi ya saa tano usiku inaendelea, mbogi nzima inaruka goli likiingia. Ndege aliyelala masaa matano ataamka na kisirani kama tu wewe. Msogeze chumba kimetulia, na kizimba kiegemee ukuta upande mmoja ajue hakuna kitu kitamtokea nyuma.

Kama hujamnunua bado, jua huwezi kumfuga Kenya bila kibali cha KWS, na biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliotolewa porini imepigwa marufuku tangu 2017. Yule wa bei rahisi anauziwa kwa boksi usiku, mwachie mwenyewe.

Na kama alikuwa mpole miaka yote halafu wiki hii ghafla amebadilika, usianze na njugu. Ndege hujua kuficha ugonjwa. Ukimpata amekaa chini ya kizimba, manyoya yamefura, mkia unapanda na kushuka kila akipumua, mpeleke kwa daktari wa wanyama anayejua ndege, leo, si wikendi.